Dubu wa Ghorofa ya Tatu

Inspekta Smaranda Vrabie alimlaza dubu wa kuchezea chali juu ya meza ya jikoni ya Dragoș Chelaru, kati ya kikombe cha kahawa iliyopoa na kichwa cha mdoli kisicho na mwili. Akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa.

"Mpasue," alisema.

Dragoș hakumgusa. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na nne, mwembamba, miwani yake imeshikizwa kwa utepe wa gundi upande wa kulia. Walioivunja ni majirani zake mwenyewe, Jumapili iliyopita, kwenye ngazi, mmoja akimshika na mwingine akimzaba makofi. Nusu ya jengo ilikuwa imekubaliana kwamba bibi wa ghorofa ya tatu amerukwa na akili. Nusu nyingine ilisema hapana, ni huyu mhuni wa ghorofa ya tano. Maana katika mji mzima wa Tecuci ni nani mwingine anayenunua midoli inayoongea kwenye soko la mitumba, akaichana matumbo na kuigeuza sauti? Nusu hizo mbili ziliendelea kusalimiana vizuri kila asubuhi zikienda kununua mkate.

"Mpasue wewe, Bi. Inspekta. Mimi nikimgusa, kesho mtasema alama za vidole vyangu zimekutwa tumboni."

"Usipomgusa nitasema umekataa kwa sababu unajua kilichomo. Chagua."

"Huko ndiko kuchagua?"

"Ndiko kulikopo leo."

Koplo Ursache alikuwa ameegemea jokofu, kamera mkononi, taa yake nyekundu inawaka. Nyuma yake, kwenye rafu, walipangwa mbwa na kasuku wa kuchezea, vitabu vya watoto vya kubonyeza na simu za plastiki, wote wametobolewa na kutiwa swichi za kuzungusha. Dragoș alikuwa akiwafanyia muziki. Aliingia nao jukwaani.

"Watu huja kusikiliza makelele haya?" Ursache aliuliza.

"Mwezi uliopita walikuja kumi na mmoja. Wawili walikuwa wamekosea mlango."

Smaranda hakucheka. Ilikuwa saa sita na robo mchana, Jumatano. Kesho saa tatu asubuhi jopo la madaktari lingekaa kuamua kama Aglaia Mocanu, mwenye umri wa miaka sabini na miwili, ana akili timamu. Likisema hana, angepelekwa kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili nje ya mji, na ushahidi wake ungetupwa jalalani. Hakukuwa na ushahidi mwingine. Mwezi wa Agosti, akiwa kwenye roshani yake anakung'uta zulia, Aglaia alimwona Sandu Oprea wa ghorofa ya pili akishuka upande wa usukani wa gari lililorudi nyuma uani na kumponda Ilinca, mjukuu wa bibi huyo, mtoto wa miaka sita. Sandu alikuwa amelewa chakari. Polisi walipofika, kwenye usukani alikaa mkewe Rodica, ambaye hajaonja hata tone, akilia na kusema ni mimi, ni mimi. Mke angepata kifungo cha nje. Mume angepata miaka.

Kisha, wiki tatu zilizopita, dubu wa marehemu akaanza kuongea. Ndivyo Aglaia alivyosema. Daktari alimminya dubu mkono wa kulia, dubu akaimba wimbo wa Kitaliano aliozaliwa nao kiwandani. Akamminya wa kushoto, kimya. Akaandika: *mgonjwa husikia sauti*. Siku kumi zilizopita majirani walimdaka Aglaia akiwa na mguu mmoja upande wa pili wa reli ya roshani.

Kilichomleta Smaranda ghorofa ya tano ni mshono. Jana, akimgeuza dubu chini ya taa ya ofisini, aliona uzi wa mgongoni ni wa kahawia iliyoiva, na mishono mingine yote ni ya kahawia iliyofifia. Maabara ingemjibu baada ya wiki tatu, naye alikuwa na saa ishirini na moja tu.

"Kabla hujapasua," alisema, "nionyeshe mmoja uliyemshona wewe."

Dragoș alimshusha mbwa mmoja wa manyoya na kumtupa mezani. Tumbo lake lilikuwa limefungwa kwa mishono mikubwa iliyopinda, uzi wa bluu kwenye ngozi nyeupe. Smaranda akamweka kando ya dubu. Mshono wa dubu ulikuwa mdogo, umenyooka, fundo limefichwa ndani.

"Huyu kashonwa na mtu anayejua kushona," Dragoș alisema. "Mimi hufunga magunia."

"Au umempa mama yako ashone."

"Mama yangu amekufa mwaka wa nne huu."

"Pole. Pasua."

Alipasua kwa wembe, uzi mmoja mmoja, kama mtu anayetoa mwiba. Kwanza ilitoka pamba. Ndani ya pamba, Smaranda aliona karatasi iliyokunjwa mpaka ikawa ndogo kama stempu, imefungwa kwa uzi mwekundu pamoja na kijiti kikavu cha mrehani, ule unaogawiwa kanisani. Aliichukua kwa kibano na kuikunjua mbele ya kamera. Juu palichorwa msalaba. Chini yake, kwa mwandiko wa kalamu ya bluu: *Marehemu. Ilinca, Iftimie, Paraschiva, Neculai.*

"Hiyo si ya kiwandani," Ursache alisema.

"Nyamaza, piga picha."

Kila mwanamke wa mji ule aliandika karatasi ya namna hiyo na kumpelekea padri, majina yasomwe madhabahuni. Jumamosi hii ilikuwa Jumamosi ya marehemu. Karatasi zilikuwa zinaandikwa kila jiko. Lakini ndani ya tumbo la dubu hakuna padri wa kusoma. Aliyeiweka pale alikuwa anamwogopa dubu. Smaranda aliitia kwenye bahasha, akaashiria kazi iendelee.

Dragoș akatoa kiboksi cha plastiki, akafungua skrubu nne kwa bisibisi, na alipoinua kifuniko, uso wake ukabadilika. Akasahau kuogopa.

"Lo! Ni ng'ombe gani aliyefanya kazi hii?"

"Sema kwa Kiromania ninachokielewa."

"Tazama hapa. Hapa palikuwa na rezista ndogo, kizuia umeme, kama punje ya mtama. Ameing'oa, ameweka hili dude kubwa. Ukipachika kubwa, chipu inakwenda polepole. Sauti inavutika, inazama. Mtoto anageuka kitu kingine." Alisukuma miwani juu. "Na hapa, waya wa mkono wa kushoto umekatwa. Uminye mpaka kesho, hasemi. Ila tazama huyu mgeni."

Alionyesha kipande kidogo cha bodi ya umeme, cha kijani, kikubwa kuliko ukucha kidogo tu, kimegandishwa pembeni.

"Kipokezi cha rimoti," alisema. "Mtu anabonyeza akiwa mbali, hata ghorofa nyingine, dubu anaongea. Vipokezi vya milango ya gereji ni hivihivi. Vya vizuizi vya magari pia."

"Wewe unavyo."

"Ninavyo vitatu, viko kwenye droo, vihesabu. Lakini angalia lehemu, Bi. Inspekta. Nono, ya fundi wa nje. Halafu juu yake kamimina gundi ya moto, kila kiungo. Unajua nani hufanya hivyo? Aliyezoea vitu vya kukaa kwenye mvua. Mimi huunga vitu viishi wiki moja. Huyu kaunga vidumu miaka kumi, ndani ya dubu!" Alionekana kuudhika kweli. "Kunipiga makofi sawa, nimezoea. Lakini kusema hii ni kazi yangu, hapo mmenitukana."

"Tumsikie," alisema Smaranda.

Dragoș akagusisha waya mfupi kwenye nukta mbili za bodi. Sauti iliyotoka kwenye spika ilikuwa nzito, imevutwa, kama inatoka chini ya kisima.

*Biiibi. Njooo chiiini. Niko chiiini hapa. Nakungoooja.*

Ursache akajipiga ishara ya msalaba kwa mkono uliokuwa huru. Smaranda aliiwazia roshani ya ghorofa ya tatu na sakafu ya saruji iliyo chini yake, ambako damu ya mtoto ilioshwa kwa mpira wa kumwagilia maua. Bibi yule aliisikia sauti hii akiwa peke yake, wiki tatu, mchana na usiku, na walipokuja wenye vyeti ikanyamaza.

"Irudishe ilivyokuwa."

"Niitoe rezista yake?"

"Usitoe kitu, ni ushahidi. Unaweza kuongeza?"

Dragoș alimtazama kwa heshima mara ya kwanza siku hiyo. "Nikiongeza ya pili ubavuni mwa ya kwanza, nguvu ya kuzuia inapungua. Chipu inakimbia tena." Akachukua rezista kutoka kwenye kopo la dawa, akaibana kwa vibanio viwili. Akajaribu, akabadilisha, akajaribu. Mara ya tatu akagusisha waya.

*Bibi! Njoo chini! Niko chini hapa, nakungoja!*

Ilikuwa sauti ya mtoto mzima wa afya, msichana, mwenye pengo la meno ya mbele, anasema kwa uangalifu kama anayesoma shairi darasani. Mwishoni, kabla haijakatika, mwanamume alikohoa karibu.

"Huyo si mtoto wa kufa," Ursache alisema taratibu.

"Ilinca naye hakuwa mtoto wa kufa," Smaranda alimjibu. Akamgeukia Dragoș. "Kabla ya maneno haya, ndani palikuwa na maneno mengine?"

"Pengine. Mkono wa kushoto ni wa kujirekodi. Chipu ina nafasi ya sekunde ishirini, sauti moja tu. Mpya ikiingia, ya zamani imekwenda."

"Inaweza kurudishwa?"

"Na nani?" alisema Dragoș. "Hapana."

*

Aglaia Mocanu alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, amevaa koti ndani ya nyumba, mkoba wa nguo umefungwa miguuni. Hakuna aliyemwambia afunge mkoba. Binti yake, mama wa Ilinca, alikuwa Italia akimwogesha mzee wa watu wengine. Alikuja kwa mazishi siku tatu, akarudi.

"Umeniletea dubu?" aliuliza.

"Bado, Shangazi Aglaia. Nina maswali machache. Nitajie marehemu wako."

"Wa nini?"

"Wale utakaowaandika Jumamosi."

Bibi aliwahesabu kwa vidole. "Mume wangu Toader. Mama yangu Safta. Baba, Gavril. Kaka yangu Dumitru. Na…" Kidole cha tano kilibaki hewani.

"Iftimie ni nani?"

"Sina Iftimie."

"Paraschiva? Neculai?"

"Hao si wa kwetu, binti yangu. Umechanganya mafaili."

Smaranda alivuta kiti mpaka magoti yao yakakaribia kugusana. Hakuwa na muda wa kubembeleza, na hakuwahi kuwa hodari wa kubembeleza.

"Ulimwambia daktari dubu hajawahi kutoka chumba hiki. Ulidanganya. Ndani ya tumbo lake nimekuta wafu wa watu wengine. Ulimpa nani?"

Aglaia alikunja mikono ndani ya koti.

"Siku ya arobaini nilimtoa sadaka," alisema mwishowe. "Kwa roho ya Ilinca. Na mkate na mshumaa."

"Kwa nani?"

"Sadaka ya mtoto hupewa mtoto. Yule aliyekuwa akicheza naye."

"Jina, shangazi."

"Mălina."

"Mălina Oprea? Binti yao wale?"

"Mtoto ana kosa gani?" Bibi alimkazia macho. "Walikuwa wakisukana nywele hapo ngazini. Rodica alikipokea kitu mlangoni akilia, akasema Mungu apokee. Nikasema, haya, angalau hili limekwenda sawa."

"Halafu akarudi."

"Jumapili moja. Nimetoka kanisani, mlango nimeukuta umefungwa kama nilivyouacha, na dubu yuko juu ya kitanda cha Ilinca." Sauti yake ilishuka. "Wewe ni wa hapahapa, unajua maana yake sadaka ikirudi."

Smaranda alijua. Kitu kilichotolewa kwa ajili ya marehemu hakirudi nyumbani; kikirudi, mwenyewe amekikataa.

"Ningemwambia nini yule daktari mvaa tai?" Aglaia aliendelea. "Kwamba mjukuu wangu amenitupia zawadi usoni? Nilisema hajatoka. Nikasema tu anaongea."

"Ufunguo wako wa akiba anao nani?"

"Rodica. Tangu mwaka juzi, wa kunimwagilia maua nikisafiri. Baada ya msiba niliona haya kuudai. Angedhani namwona mwizi."

Ursache alitoa sauti ya mtu aliyepaliwa. Smaranda hakumtazama.

"Swali la mwisho. Kwa nini ulimtoa dubu, badala ya nguo, badala ya kitabu?"

"Kwa sababu alikuwa na sauti yake." Sasa bibi alitabasamu kidogo, na ndipo palipokuwa pagumu kumtazama. "Alijirekodi mwenyewe siku mama yake alipomtumia. Ukiminya mkono wa kushoto: *Bibi, viatu vyangu viko wapi?* Jengo zima lilichoka kuisikia. Baada ya mazishi nilikuwa nikiminya, halafu najikuta nimepiga magoti natafuta viatu. Nikaona nitapotea. Nikamtoa." Akafuta pua kwa kiganja. "Na sasa kasema mengine, lakini ni yeye. Sauti imebadilika kwa sababu ya kule aliko. Mtanirudishia lini?"

"Jioni nitakuja tuongee," alisema Smaranda, akatoka haraka kuliko alivyoingia.

*

Jiko la akina Oprea lilinukia asali na jozi. Rodica alikuwa anachemsha ngano tamu ya kuombea marehemu, mikono imejaa sukari ya unga. Sandu alikuwa mezani na sahani ya maharage, mwanamume mpana, fundi wa kengele za milango na vizuizi vya magari. Kizuizi cha uani alikifunga yeye. Alimwona Ursache ameingia na katoni kubwa, kamera inawaka ikining'inia kifuani, akaendelea kula.

"Karibu, Bi. Inspekta. Umekuja kutuaga? Nasikia kesho bibi wa watu anapumzishwa."

"Nasikia hivyo. Bi. Rodica, unatengeneza kwa ajili ya Jumamosi?"

"Ndiyo, Bi. Inspekta." Rodica hakuinua uso. Kando ya bakuli palikuwa na karatasi, msalaba juu, wino wa bluu. Smaranda aliigeuza kwa kidole kimoja.

"Umeshaandika wafu wako. Ilinca umemweka wa kwanza."

"Ni… ni lazima. Kwa yale niliyomfanyia."

"Bila shaka. Na Iftimie ni nani?"

"Baba yangu, Mungu amrehemu."

"Paraschiva?"

"Mama yake Sandu."

"Neculai?"

"Mdogo wangu. Alizama mtoni Siret. Kwa nini?"

Smaranda alitoa bahasha na kuiweka kando ya karatasi ya pili. Mwandiko ule ule, mpangilio ule ule wa wafu wanne. Rodica alizitazama zote mbili, na mwiko ukamponyoka ndani ya ngano.

"Hii ilikuwa tumboni mwa dubu," alisema Smaranda. "Na kijiti cha mrehani. Umeshona vizuri, lazima nikusifu."

Sandu aliacha kutafuna. Alimtazama mkewe kwa namna ambayo Smaranda aliwahi kuiona kwa wanaume wengi, kabla mlango haujafungwa.

"Umetia karatasi?" alisema. "Wewe mwanamke, nani alikwambia utie karatasi?"

"Ni kitu cha maiti, Sandu! Kimelala nyumbani kwangu, nakishona, ningekishona hivihivi?"

"Mjinga mkubwa wewe!" Kisha akakumbuka kamera na kujilazimisha kucheka. "Bi. Inspekta, karatasi ni mambo ya wanawake. Bibi alimpa mtoto wangu dubu, mke wangu akamwombea dua, tukaona vibaya, tukamrudisha. Kuna sheria ya kumrudisha dubu?"

"Hakuna. Nipe funguo zako."

"Za nini?"

"Gari la polisi limefungiwa uani na kizuizi chako."

Sandu alisita kidogo tu, lakini kamera iliona. Akatupa funguo mezani. Palikuwa na rimoti mbili: moja nyeusi, imechakaa kwa kubonyezwa, na nyingine ndogo, mpya, yenye kitufe cha bluu.

"Nyeusi," alisema haraka. "Ya kizuizi ni nyeusi."

"Na ya bluu?"

"Mbovu hiyo."

Smaranda alibonyeza ya bluu. Ndani ya katoni iliyokuwa mikononi mwa Ursache, sauti ikapaa, changa, wazi, ya furaha:

*Bibi! Njoo chini! Niko chini hapa, nakungoja!*

Rodica alikaa sakafuni, kitako, sukari ikimwagika mapajani. Hakulia. Sandu alikuwa ameduwaa: hakuwahi kuisikia tena kwa mwendo huo tangu siku ile alipoirekodi. Mlango wa chumba ukafunguka, akatoka msichana wa miaka sita mwenye nywele zilizosukwa, penseli mkononi, na pengo la meno mawili ya mbele.

"Hiyo ni mimi!" alisema Mălina.

"Rudi ndani!" Sandu alifoka.

"Abaki," alisema Smaranda. Akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto. "Ni wewe? Umesema vizuri sana. Nani alikufundisha?"

"Baba. Alisema Bibi Aglaia analia tu ndani, hashuki tena kukaa kwenye benchi, basi tumwite kwa dubu, atafurahi. Nilisema mara nne. Za kwanza nilicheka, baba akanikasirikia." Alimtazama mgeni, kisha katoni, macho yakimeta. "Ameisikia?"

"Ameisikia."

"Alishuka?"

Ngano ilikuwa inaungua sufuriani, harufu imeanza kubadilika, na hakuna aliyenyoosha mkono kuzima moto. Ursache aliangalia dari.

"Alikaribia," alisema Smaranda. Akainuka, magoti yakilia, akamgeukia baba mtu. "Vaa koti."

"Kwa kumrekodi mtoto wangu mwenyewe?"

"Kwa kujaribu kuua. La gari tutalizungumza kesho baada ya saa tatu. Nina shahidi mwenye akili timamu."

"Hutathibitisha kitu. Nilitaka kumfurahisha!"

"Basi ungeiacha sauti ya binti yako kama ilivyo," alisema Smaranda. "Vaa koti, Sandu, nisije nikakuvalisha mwenyewe."

Alivaa. Mlangoni akamgeukia Rodica aliyekuwa bado sakafuni, akamwambia kwa utulivu kwamba yote haya ni yake, yeye na karatasi yake. Rodica alitikisa kichwa kukubali, kama alivyokubali usukani. Ni mtoto aliyekwenda kuzima moto.

*

Saa kumi na moja jioni Smaranda alipanda tena ghorofa ya tatu, peke yake, mikono mitupu. Alieleza yote akiwa amesimama, kwa sauti ya kusoma ripoti: ufunguo, rimoti, rezista, mtoto. Sadaka haikukataliwa na mtu. Iliibwa tu. Aglaia alisikiliza, koti bado mwilini.

"Kwa hiyo mimi si kichaa."

"Si kichaa. Kesho utasema uliyoyaona, nao watasikiliza. Sandu atalala ndani miaka mingi."

"Na yule aliyekuwa akiniita ni Mălina."

"Ndiyo."

"Nilikuwa namjibu," alisema bibi. "Kila alipoita. Nilimwambia naja, mama, ngoja kidogo, naja." Alitafakari hilo, macho makavu. "Na ile ya viatu?"

Smaranda alikuwa na miaka ishirini na sita kazini na alishapeleka habari mbaya kwenye milango mingi. Alizipeleka zote kwa njia moja, kwa sababu hakujua nyingine.

"Walirekodi juu yake. Haipo."

"Haipo kidogo, au haipo kabisa? Yule kijana wa juu si anajua kuvichokonoa?"

"Nimemuuliza. Haipo kabisa."

Aglaia aliinama, akafungua mkoba aliokuwa ameufunga, akaanza kutoa nguo moja moja na kuzirudisha kabatini. Alipofika ya mwisho, alibaki ameishika.

"Afadhali ungechelewa siku moja, binti yangu," alisema bila hasira. "Kesho jioni ningekuwa kichaa mwenye mjukuu."

Smaranda alimwambia gari litakuja kumchukua saa mbili na nusu. Aglaia akasema sawa, atakuwa mlangoni.